Kioo cha Mvua Imekwisha

Niliota usiku wa jana kwamba nimechelewa kazini, na samaki wameanza bila mimi.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai. Hushangaa akishaamka na kupiga mswaki. Niliona aibu tu, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti la maabara juu ya gauni la kulalia, na mimba yangu ya miezi minane ilikuwa imekataa kabisa habari ya vifungo.

Kabla sijafika mbali niseme mimi ni nani, maana bila hilo nitaonekana nimechanganyikiwa. Naitwa Sekela. Nafanya utafiti wa uzamivu katika maabara moja hapa Morogoro, na kazi yangu ni samaki wadogo wenye mistari, hawazidi urefu wa kidole, ambao sisi tunawaita pundamilia. Tunaligonga tangi la wazazi kwa kinyundo mpaka woga uwakolee. Halafu tunawachukua watoto wao, ambao hawajawahi kugongewa chochote, na kuwatazama. Baadhi yao huruka vilevile kama wazazi. Ukichungulia ubongo wao, maandishi ya urithi hayajabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni alama ndogo zilizobanwa juu ya maandishi, zinazoamua lipi lisomwe na lipi lifunikwe.

Jambo hilo lilikuwa linanifurahisha sana, mpaka mama yangu alipokuja.

Mama ametoka Tukuyu kuja kuningojea nijifungue. Jana mchana ilinyesha mvua ya radi. Mama akavua khanga yake, akafunika kioo cha kabati, akanikataza kushika chuma, kisha akaingia uvunguni mwa kitanda. Nimemwona akifanya hivyo tangu utoto wangu, na kwetu ilikuwa desturi kumwacha tu hadi atoke mwenyewe, hata kama atatoka kesho yake. Nilisimama mlangoni nikiwa na maelezo mazuri kabisa ya kisayansi kuhusu umeme na vioo. Radi ikapiga. Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza ya chakula, mimi na elimu yangu yote.

Na ndani ya tumbo, mtoto akaruka.

Aliruka kama wanavyoruka samaki wangu. Sikumwambia mtu. Mume wangu, Ambakisye, alipiga simu kutoka safarini nikamwambia tuko salama. Lakini nilikwenda kulala, Mama bado yuko uvunguni, na swali moja: je, mtoto huyu hajauona hata mwanga wa jua, na mimi nimeshampa woga wa bibi yake?

Basi, turudi kazini.

Naingia maabara. Matangi yamejaa watu. Mhasibu wa idara anaogelea taratibu na tai yake shingoni. Dakta Mwaihojo, msimamizi wangu, yuko kwenye tangi la juu karibu na pampu, na anaonekana amepapenda. Samaki wako nje. Wamesimama kwa mikia yao sakafuni, wamevaa makoti meupe yaliyotobolewa ubavuni ili mapezi yapite.

Mkubwa wao ni bibi mmoja wa miaka miwili. Mistari yake imeanza kufifia.

"Mbona hutuamkii?" akaniuliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una umri gani wewe?"

"Miaka thelathini na moja."

Akawageukia wenzake. "Anasema thelathini na moja." Mmoja akavua kofia. Kisha Bibi akanigusa bega kwa pezi na kusema, "Pole sana. Mleteeni kiti."

Nililetewa kiti, na baada ya kiti nikaletewa chai. Ilikuwa chai ya buluu, buluu ileile ya dawa tunayotia kwenye maji ya mayai yasiote ukungu.

"Kunywa," alisema Bibi. "Usipokunywa utaota ukungu."

Nikanywa. Haikuwa mbaya, ilipungukiwa sukari tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mabaya zaidi ya chai, kwa hiyo nilianza kujisikia nafuu mapema. Ndipo Bibi akachukua kinyundo na kugonga mguu wa kiti changu. Ko!

Nikaruka.

"Ameruka," alisema Bibi.

"Ameruka," wakaitikia wenzake wote.

"Ni utafiti tu," Bibi akaniambia. "Usichukulie vibaya."

Nilisema sijachukulia vibaya. Hapakuwa na meza ya kuweka kikombe, basi nikaendelea kukishika. Na nilipoinua macho nikagundua kwamba vichwa vyetu sote viko wazi, kama vya watoto wa samaki, ambao ngozi yao ni angavu kiasi kwamba unauona ubongo ukifanya kazi. Nikamtazama Dakta Mwaihojo. Kichwani mwake mlikuwa na chapati mbili na sahani ya maharage.

"Usinitazame kichwani, Sekela," alisema kutoka ndani ya tangi. "Kuna mambo ya ofisi humo."

"Naona maharage, Dakta."

"Ndiyo hayo hayo."

Tumbo langu nalo lilikuwa wazi. Mtoto alikuwa ndani, kichwa chini, amekunja ngumi. Kichwani mwake iliwaka taa moja ndogo nyekundu. Nilijaribu kufunga koti, lakini vifungo vilikuwa na msimamo wao.

"Hiyo taa ndiyo unayoililia?" Bibi aliuliza.

"Silii."

"Naona kichwani mwako."

Bibi akajikuna gamba, akafikiri kidogo.

"Kwetu ni rahisi," alisema. "Kijusi cha samaki hupanga alama zake zifuate za baba. Za mama zikitofautiana, zinarekebishwa. Baba wa huyu anaogopa nini?"

"Sindano tu."

"Angekuwa samaki tungekuwa tumemaliza kazi. Na ninyi watu mnafanyaje?"

"Mimba inapoanza, alama nyingi hufutwa. Zinaandikwa upya."

"Nyingi?"

"Nyingi. Si zote. Zipi hasa zinabaki, hatuna uhakika."

"Hamna uhakika," alisema Bibi, "na wewe umeshaanza kulia. Twende tukaangalie kwanza. Ukilia, ulie ukiwa na sababu."

Akafungua jokofu la sampuli na kuingia. Nikamfuata na kikombe changu. Humo ndani hapakuwa na baridi hata kidogo. Palikuwa na ukumbi wa nyumba yetu ya Tukuyu, umerefushwa hadi mwisho wake hauonekani, na unanuka moshi na migomba iliyolowa.

"Tuko wapi?"

"Ndani ya ubongo wa mwanao. Futa miguu."

Nikafuta miguu.

Kuta zote zina vioo, kutoka darini hadi sakafuni. Na vioo vingi, vingi kupita kiasi, vimefunikwa khanga zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Moyo unanishuka. Huyu mtoto hajazaliwa, na tayari amefunikiwa vioo kama nyumba nzima inangoja radi! Ninanyoosha mkono kufunua cha karibu.

Bibi akanichapa kofi la pezi.

"Hicho ni cha kuotesha kucha. Unataka aote kucha ubongoni?"

"Hapana."

"Kile ni cha kutengeneza nyongo. Kile cha meno. Kila chumba cha mwili kimepewa vioo vyote, halafu kinafunika visivyokihusu. Ndiyo maana ini lako ni ini. Kufunika si ugonjwa, binti."

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha darasani, nimeyachora ubaoni, nimewasahihishia wanafunzi waliokosea. Lakini sijawahi kuyafurahia kama nilivyoyafurahia pale, mbele ya kioo cha kucha. Niliziomba radhi zile khanga, na moja ikasema haina neno.

"Sasa tunatafuta kipi?" niliuliza.

"Kile kinachouambia moyo kwamba mvua imekwisha."

Sikuelewa mara moja, na Bibi akaona. Alieleza bila haraka, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kuogopa radi, alisema, si kosa, radi inaua. Mwili ulio sawa huruka kama kawaida, kisha hujitazama kwenye kioo kile, ukaona mvua imekwisha, ukatulia. Kioo kikifunikwa, mwenyewe hana pa kutazama. Anabaki uvunguni hata jua likiwaka.

"Nafahamu mtu wa hivyo," nilisema.

"Wawili," alisema Bibi. "Yuko na wa chini ya meza."

Tukaendelea kutembea. Ukumbi ukageuka kliniki ya wajawazito, na foleni nzima ni ya samaki majike. Nesi alikuwa anawauliza wana mayai mangapi. Mia mbili, akasema wa kwanza. Mia mbili na kumi, akasema wa pili. Ikafika zamu yangu.

"Mmoja," nilisema.

Nesi akanishika mkono kwa huruma. "Usikate tamaa, mama. Mungu atakuongezea."

Nyuma ya nesi palikuwa na mlango wa mbao wenye ufa ninaoujua. Kilikuwa chumba cha Mama, chumba cha nyumba aliyokulia, ambacho mimi nilikikuta kikiwa stoo ya mahindi. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba na kabati lenye kioo kirefu. Kioo kilikuwa kimefunikwa khanga ya Mama, ileile ya jana, yenye maandishi yaliyofifia yasiyosomeka tena. Vibanio vilikuwa vingi hadi vimepandana. Pindo la khanga lilikuwa limevutwa chini, likapita sakafuni na kuingia uvunguni. Kuna mtu alikuwa amelishika.

"Mama?"

"Funga mlango, radi itaingia."

Bibi akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," alisema. Nilishtuka, kwa sababu tangu nimfahamu alikuwa hajamwamkia mtu.

"Marahaba," Mama alijibu kutoka uvunguni. "Nani huyo, Sekela?"

"Samaki, Mama."

"Mwambie asishike chuma."

Bibi akaweka kinyundo chini kwa adabu.

Radi inapiga. Chumba kizima kinakuwa chekundu, ile taa nyekundu ya kichwani mwa mtoto, na vibanio vipya vinaruka kutoka hewani na kubana khanga. Tak, tak, tak. Tumboni mwangu mtoto anaruka. Na mimi, sijui nifiche wapi uso wangu, ninachungulia kama kuna meza.

"Mama, iachie khanga."

"Siiachii. Kioo hiki ndicho kilichomchukua Bupe."

Bupe alikuwa dada yake. Ni mama yangu mkubwa ambaye sikumkuta. Nilijua alikufa kwa radi, basi. Mengine hayakusemwa nyumbani, na mimi nilikuwa na akili ya kutouliza.

"Alikuwa amesimama hapo hapo, anachana nywele," Mama alisema. "Mimi niko uvunguni, natafuta kiatu. Ikapiga. Watu wakaja, wakambeba, wakatoka naye mbio wote. Mama yangu, baba yangu, majirani. Wote."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na miaka sita. Nikangoja kuambiwa nitoke."

"Nani alikuja kukwambia?"

Khanga ikatikisika.

"Si ndiyo nangoja," alisema.

Nilikasirika. Nilimkasirikia kila mtu wa siku ile, walio hai na waliokufa, na majirani hasa. Kisha nikajikumbuka mimi, mara zote nilizopita mlangoni nikamwacha atoke mwenyewe kwa sababu ndiyo desturi, na hasira ikakosa pa kwenda. Nikamgeukia Bibi.

"Niivute?"

"Ukivuta itachanika. Anayeweza kuviachia vibanio ni aliyeshika pindo."

"Sasa nifanye nini? Wewe ndiye mtafiti!"

"Umesikia anachongoja," alisema Bibi. "Mimi nina ubongo mdogo kama punje ya ulezi, na nimesikia."

Kuingia uvunguni na mimba ya miezi minane ni kazi isiyo na heshima yoyote. Nilianza na kichwa, nikakwama, nikarudi, nikaingia kwa ubavu na kikombe changu cha chai mkononi, maana bado hapakuwa na meza. Mama alikuwa amejikunja ukutani. Alikuwa na miaka sita, na amevaa miwani yake ya sasa ya kusomea. Mkono mmoja alishika kiatu kidogo, wa pili alishika pindo la khanga.

"Mama," nilisema. "Mvua imekwisha."

"Una hakika?"

"Nimetoka nje sasa hivi."

Nilikuwa nimetoka kwenye jokofu, lakini sikuona sababu ya kuleta hilo. Alinitazama kwa muda. Kichwa chake nacho kilikuwa wazi, na niliona ndani yake watu wakikimbia na kitu kilichofunikwa, wakikimbia, wakikimbia, bila kufika.

"Na Bupe?"

"Bupe walimbeba, Mama. Walimfikisha. Sasa tumerudi kukuita wewe."

"Mmerudi kuniita mimi?"

"Ndiyo. Toka. Mvua imekwisha."

Aliliachia pindo.

Vibanio vikaanza kuanguka kutoka kwenye khanga, kimoja, viwili, halafu vyote kwa fujo kama mvua ya mahindi, na viwili vikatumbukia kwenye kikombe changu. Chai ya buluu ikaruka na kumwagikia pembe ya khanga iliyokuwa imeanguka karibu yangu.

"Samahani, Mama. Khanga yako."

"Itatoka kwa sabuni," alisema, na akatambaa nje kabla yangu.

Nilipofanikiwa kuchomoka nilimkuta amesimama mbele ya kabati. Hakuwa tena na miaka sita. Kioo kilikuwa wazi, na hakikutuonyesha sisi. Kilionyesha uani, baada ya mvua. Migomba ilikuwa inadondosha maji. Kuku walikuwa wanajikung'uta. Mwanamke mmoja nisiyemjua alitoka na beseni, akatazama juu, akaanza kuanika nguo bila wasiwasi wowote.

Nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, nikiwa nimeshika kikombe chenye vibanio viwili.

"Sasa una sababu," alisema Bibi.

Halafu akamwomba Mama ruhusa. Mama akaitikia kwa kichwa. Bibi akaokota kinyundo, akagonga ubao wa kitanda. Ko! Tukaruka wote watatu, na wa nne akaruka tumboni. Kisha tukatazama kioo. Yule mwanamke alikuwa anaanika shati.

"Wameruka," alisema Bibi.

Akangoja. Moyo wangu ukashuka, ukashuka, ukarudi mahali pake. Niliitazama ile taa nyekundu ya mtoto. Ilipepesa, ikazimika yenyewe.

"Wametulia," alisema.

Na kutoka mbali, ng'ambo ya jokofu, nikasikia samaki wote wakiitikia, na juu yao sauti ya Dakta Mwaihojo yenye mapovu: "Wametulia."

Nimeamshwa leo asubuhi na radi. Radi ya kweli hii, ya Morogoro, iliyotikisa madirisha. Mtoto akaruka. Mimi pia niliruka, sitadanganya. Lakini sikuteremka kwenda popote. Niliweka mkono tumboni, nikangoja. Akajigeuza kwa uvivu, akanipiga teke moja la kawaida, akatulia. Nilikaa pale kitandani nikipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nikaenda chumbani kwa Mama. Nilipiga magoti na kuchungulia uvunguni. Hakuwamo. Kioo cha kabati kilikuwa wazi, na ndani yake nilijiona mimi mwenyewe, nywele zimesimama.

Alikuwa jikoni. Anakoroga uji kwenye sufuria, kwa kijiko cha chuma, na nje radi inaunguruma kuelekea milimani. Ilipounguruma tena aliruka kidogo. Hakukiachia kijiko.

"Mama, umetoka lini?"

"Si ulipokuja kuniita," alisema, bila kugeuka. "Kaa unywe uji."

Nilikaa. Radi nyingine ikapiga, mbali sasa. Mama akatua kijiko, akaja, akaweka kiganja chake chenye joto la sufuria juu ya tumbo langu.

"Imekwisha, mama," alimwambia mjukuu wake. "Imekwisha."

Kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono na kuichukua khanga yake kutoka mgongoni mwa kiti. Ilikuwa imelowa maji ya kufuliwa. Akaikunjua pembe moja na kunisogezea. Kulikuwa na doa, si kubwa, la buluu ambayo naijua kwa sababu huwa nanawa mikono kwa ajili yake kila siku.

"Nilikwambia itatoka kwa sabuni," alisema. "Haitoki."